Land Rover 109 imelala miaka nyuma ya nyumba? Hivi ndivyo unavyoiamsha bila kuiua injini

Tangu lile tamasha la Land Rover pale Arusha, Oktoba 2024, maswali ninayopata ni yaleyale. "Kaka, ya marehemu babu ipo shambani tangu 2010, nikinunua betri mpya itawaka?" Mwingine kaona 109 (ile Land Rover ndefu ya zamani) inauzwa, mwenyewe anaapa kwamba ilizimwa ikiwa nzima, sasa anataka kujua akienda kuichukua abebe nini. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka kurudia, kwa hiyo naandika yote hapa, soma mpaka mwisho kabla hujashika spana.

Jibu fupi: mara nyingi inawaka. Ile injini ya petroli ya 2.25, cc 2286, silinda nne, bloki yake chuma na hedi yake chuma, ni injini yenye uvumilivu wa ajabu. Kinachoziua hizi gari sio kulala, ni namna zinavyoamshwa. Mtu anakuja na betri ya kuazima, anamimina petroli kwenye kabureta, anapiga stata, na watoto wote wa mtaa wamesimama wanaangalia. Siku ya kwanza sio siku ya kuwasha gari ndugu yangu. Siku ya kwanza ni ya kufungua, kupaka oili na kusubiri.

Hili nalisema kwa uchungu. 109 ya baba ilisimama Monduli miaka 12, tukaita fundi mmoja, hajamaliza hata robo saa toka afike akapiga stata. Tulisikia mlio mmoja tu, tak, kama mtu kavunja kuni kavu. Valvu ya ekzosi ilikuwa imeganda kwenye gaidi yake (kile kibomba inachopitia), haikutaka kushuka, pushirodi, ile fimbo inayoisukuma, ikapinda. Ilikuwa kazi ya tone la oili na subira ya siku mbili, ikawa kazi ya kufungua juu na kutafuta spea wiki tatu. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni, hakusema kitu, aliinuka tu akaingia ndani.

Ninachoeleza hapa ni Series III (toleo la tatu la hizi Land Rover za zamani) ya petroli, zile za 1971 mpaka 1985. Kama yako ni ya dizeli, au ilishafungwa injini ya Toyota au Isuzu kama nyingi za huku kwetu, basi mambo ya plagi, kontakti (zile za ndani ya distribyuta) na kabureta ruka, lakini breki, maji, tairi, klachi na chasisi ni vilevile.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Hendeli ya kuzungushia injini kwa mbele. Kama imepotea tafuta, azima, chongesha, ila usianze bila hendeli
- Oili ya injini 20W50, lita 7 (injini inachukua kama lita 6 na filta yake karibu lita moja), na filta mpya
- Oili ya kulainisha nati zilizoshika kutu. Ukikosa, changanya ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) na thina nusu kwa nusu
- Plagi 4, kontakti, kondensa, kifuniko cha distribyuta na rota. Nunua vyote, hata kama vya zamani vinaonekana vizuri
- Fila geji (vijibati vya kupimia nafasi), testa ya umeme, msasa laini
- Mpira wa petroli mita mbili na klipu zake, dumu safi lenye mfuniko, petroli mpya lita 5
- Mafuta ya breki DOT 3 au DOT 4, chupa mbili au tatu
- Betri nzima ya volti 12
- Jeki, stendi za chuma, magogo ya kuzuia tairi
- Mtungi wa kuzimia moto. Ukikosa kabisa, ndoo mbili za mchanga. Maji usimwage kwenye moto wa petroli, utausambaza
- Simu yenye chaji ya kupigia picha kila waya na kila mpira kabla hujauchomoa

Na mtu wa pili. Hii kazi ukiwa peke yako utaumia.

Kwanza angalia kama inastahili

Bodi ya Land Rover ni alumini, haioti kutu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Unaona bodi inang'aa baada ya kuoshwa kumbe chasisi chini imeoza. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chasisi yote taratibu, hasa ile mbao ya nyuma ya chasisi (tunaiita mbao ila ni chuma), mikono inayoshika bodi pembeni, na mbele pale springi zinapofungwa. Chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinatoa sauti ya kufa na nyundo inaacha alama. Ikizama, bado gari inaokoleka kwa kuchomelea, ila bei ya kununulia ibadilike. Kadi ya gari nayo ulizia sasa hivi, sio baada ya kumwaga hela.

Hatua 1: Fukuza wapangaji

Fungua milango yote na boneti, subiri, chukua fimbo ndefu, piga piga chini ya siti na nyuma ya dashibodi. Nyoka wanapenda sana pale chini ya siti, kuna giza na kuna panya wa kula. Usiingize mkono mahali ambapo macho hayajafika. Angalia dondora ndani ya bomba la ekzosi na kwenye paipu ya hewa inayoingia kabureta.

Alafu fungua air klina. Ile ya Series ni ya oili, bakuli chini na wavu juu. Ya kwetu nilikuta kiota cha panya kimejaa mpaka shingoni, sponji ya siti, nyuzi za kitenge, vipande vya kalenda ya 2009, vyote vimesagwa laini kama pamba. Injini ingewaka na ile takataka ingevutwa yote ndani. Safisha kwa dizeli, ikauke, weka oili mpya mpaka kwenye alama.

Fuatilia waya pia. Panya wanakula plastiki ya waya, ukikuta shaba iko uchi funga vizuri kabla betri haijafika karibu na hiyo gari.

Hatua 2: Toa plagi, weka oili, nenda nyumbani

Puliza uchafu kuzunguka plagi kwanza, ukitoa plagi bila kupuliza mchanga unadondoka ndani ya silinda. Piga picha ya waya za plagi. Toa plagi zote nne, zipange kwa mpangilio wake mezani maana kila moja inakupa habari ya silinda yake: kavu yenye masizi ya kahawia ni nzuri, yenye kutu maana yake maji yalifika.

Mimina ule mchanganyiko wa ATF na thina, vijiko vitatu vya chakula kila silinda. Funika matundu kwa kitambaa safi. Acha siku mbili, kama gari imekaa zaidi ya miaka kumi acha wiki, kila jioni ongeza kidogo. Usiguse hendeli bado, najua mkono unawasha.

Hatua 3: Fungua kifuniko cha tapeti

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka na ndiyo iliyotugharimu sisi. Fungua kile kifuniko cha juu ya hedi, utaona roka nane na springi nane. Dondoshea oili kila shina la valvu, pale linapoingia kwenye gaidi, na kila roka. Gonga kichwa cha kila springi taratibu kwa mpini wa nyundo wa mbao, valvu nzima inashuka kidogo na kurudi. Isiyorudi ndiyo imeganda, iongezee oili, isubiri, igonge tena kesho. Usiilazimishe.

Hatua 4: Zungusha kwa mkono

Gia iwe fri kwenye giaboksi kubwa, swichi imezimwa, waya wa koili umechomolewa, plagi bado ziko nje, magogo kwenye tairi. Ingiza hendeli kwenye tundu la bampa mpaka ishike.

Shika hendeli dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie upande wa pili kama unavyoshika jembe. Injini ikirudisha, dole gumba lililozunguka linavunjika. Jizoeze hivyo hata sasa ambapo hakuna moto.

Vuta kwenda juu, kwa upande wa mishale ya saa. Usirukie kwa nguvu. Mara ya kwanza utasikia kama unavuta ukuta, alafu inaachia robo ya inchi, unapumzika, unairudisha, unavuta tena. Siku ya kwetu ilipoachia ilikuwa jioni saa kumi na mbili, ilitoa sauti kama mtu anashusha pumzi, oili ikaruka kwenye tundu la plagi namba tatu ikanipaka uso mzima. Baba alitoka ndani akaja kushika hendeli mwenyewe.

Wakati unazungusha mwenzako aangalie zile valvu. Zote nane lazima zishuke na zipande. Ikibaki moja chini, simama hapohapo.

Isipozunguka kabisa baada ya wiki mbili za kulowekwa, weka gia namba nne, watu wawili waisukume gari mbele na nyuma taratibu. Usiivute na gari nyingine kwa kamba, hapo unavunja ringi au unapindisha fimbo ya pistoni. Ikigoma hapo, hedi itoke.

Ukiwa hapo hapo pima nafasi za tapeti, zote ni milimita 0.25, za kuingiza na za kutoa. Njia rahisi ya kukumbuka ni hesabu ya tisa: zihesabu valvu kutoka mbele, moja mpaka nane. Valvu namba 8 ikiwa imeshuka kabisa unapima namba 1, ikiwa namba 6 imeshuka unapima namba 3, yaani jumla iwe tisa kila mara. Ukijua hiyo hata usiku wa manane utaweza.

Hatua 5: Mwaga oili

Weka beseni pana, fungua nati ya chini taratibu sana, angalia kinachotoka kwanza. Maji ni mazito kuliko oili yanakaa chini, kwa hiyo yanatangulia. Kijiko cha maji ni unyevu wa miaka, usiogope. Yakitoka maji ya glasi nzima, au oili imekuwa kama maziwa ya chai, gasketi ya hedi iangaliwe kabla ya kuendelea. Ikinuka petroli, mpira wa ndani wa pampu ya mafuta umepasuka na umekuwa unavujisha kwenye oili.

Badilisha filta, weka oili mpya, mwaga kidogo juu ya roka kabla ya kufunga kifuniko.

Oili ya giaboksi, transfa (giaboksi ndogo ya nyuma yake) na difu zote mbili cheki pia, pamoja na yale matufe makubwa ya chuma kwenye tairi za mbele. Hizo zinaweza kusubiri kumwagwa lakini zisiwe tupu.

Hatua 6: Pandisha presha ya oili bila kuwasha

Sasa betri inaingia. Series III ni negativu kwenye bodi, na inatumia oltaneta, ukigeuza waya hata sekunde moja dayodi zinaungua. Nasisitiza kwasababu Land Rover za mwanzo kabisa zilikuwa kinyume, pozitivu ndiyo inaenda kwenye bodi, na wazee waliozoea zile wanafunga kwa mazoea. Safisha pia waya mnene unaotoka injini kwenda chasisi, pande zote mbili, mpaka chuma kiwe cheupe.

Plagi bado ziko nje, koili bado haina waya. Piga stata sekunde kumi, pumzika dakika moja, rudia. Unaangalia taa ya oili, ikizima ujue oili imefika. Ikigoma baada ya mara sita, mwaga oili kwenye filta upya uijaze, jaribu tena. Usiendelee mbele na taa inayowaka.

Hatua 7: Moto

Fungua distribyuta. Kontakti zilizolala zinapata utando mweupe, umeme haupiti, na hiki ndicho kinachofanya watu wauze gari nzima kwa bei ya chuma chakavu. Weka mpya, zungusha hendeli mpaka zifunguke mwisho, pima kwa fila geji, 0.35 mpaka 0.40 ya milimita. Plagi ni 0.75 mpaka 0.80. Kontakti mpya zifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, dukani zinapakwa mafuta ya kuzuia kutu na hayo mafuta yanazuia umeme vilevile.

Rudisha waya wa koili. Chomeka plagi kwenye waya wake, ilaze chuma chake kwenye bloki, mwenzako apige stata. Unataka cheche ya bluu inayolia. Ya njano dhaifu, badilisha kondensa kwanza, ndiyo bei rahisi. Fanya jaribio hili kabla hujafungua petroli popote, cheche na mvuke wa petroli ni msiba.

Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, namba moja ni ya mbele kwenye rejeta.

Hatua 8: Petroli

Usitumie petroli iliyolala. Inusie, ya zamani inanuka kama rangi ya mafuta, na kwenye tenki imeacha gundi na kutu. Hata ukiijaza mpya juu yake, ile gundi inayeyuka nusu inakwenda kuziba jeti.

Kwa hiyo tenki liache kwanza. Chomoa paipu ya tenki kwenye pampu, unganisha mpira wako kutoka kwenye lile dumu, dumu likae nje ya gari, mbali na ekzosi, limefungwa mfuniko wenye tundu dogo la hewa. Pampu ina kikombe cha glasi, kifungue, safisha tope, badilisha kigasketi chake. Pembeni ya pampu kuna kijimkono kidogo, kipampu kwa kidole mpaka kikombe kijae petroli safi. Kama hakijai, mpira wa ndani umekufa.

Kabureta nyingi ni Zenith. Fungua, toa jeti moja moja, puliza kwa hewa. Usitumie waya wa chuma kuchokoa, jeti ni shaba laini, tundu likipanuka gari itakunywa mafuta maisha yake yote. Ndani kuna kibloki kinachoshika jeti, na chini yake kuna oringi moja ndogo. Hiyo oringi ikikauka gari inawaka kwa choki tu na kukataa kutulia, watu wanabadilisha kila kitu kumbe ni oringi. Kifuniko cha juu kiweke juu ya kioo, kikicheza kimepinda, bandika msasa kwenye kioo ukisugue mpaka kikae sawa.

Tenki utalisafisha siku nyingine, lina nati ya kumwagia chini, unalishusha, unatia kipande cha mnyororo na maji ya sabuni kidogo unatikisa mpaka uchoke. Likiwa na tundu usimpelekee fundi wa kuchomelea eti kwasababu limekauka. Tenki tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Hatua 9: Maji

Mimina maji ya bomba kwenye rejeta kabla hujamwaga hela kwenye kulanti, kaa dakika ishirini, tafuta vinapodondoka. Angalia pampu ya maji, mipira, na vile vifuniko vya bati vya mviringo kwenye ubavu wa bloki, vinaoza kwa ndani na kutoboka. Mpira ukiubana ukalia kama jani kavu, badilisha. Themostati itoe uichemshe kwenye sufuria, ikifunguka irudishe. Tafadhali usiitupe kama tulivyozoea huku.

Hatua 10: Sasa washa

Gari iwe nje, sio ndani ya banda, moshi wa ekzosi una gesi inayoua bila kunuka. Mtungi wa moto mkononi mwa mtu, sio kwenye siti. Gia fri, plagi ndani, choki imevutwa.

Piga stata. Itakohoa, itashika silinda mbili, alafu tatu. Angalia taa ya oili, ndani ya sekunde chache izime, zikifika kumi inawaka bado zima injini. Ikikubali, iache izunguke juu kidogo ya sailensa (mzunguko wake bila kukanyaga mafuta), usikanyage mafuta kwa furaha.

Moshi utakuwa mwingi, wa bluu, ni ile ATF uliyomimina inaungua, unapungua ndani ya dakika tano mpaka kumi. Usiikimbilie kuizima kwasababu ya moshi, zima kwasababu ya mlio wa chuma, oili inayomwagika, petroli inayodondoka au joto linalopanda haraka. Iache ifike joto lake, zima, ipoe, cheki maji na oili tena.

Hatua 11: Breki, na hapa hakuna mkato

Gari imewaka, majirani wanapiga makofi, unataka kuzunguka nayo mtaa. Usiende. Gari ya tani moja na nusu na zaidi ambayo breki zake zimelala miaka kumi ni jiwe linaloteremka.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui: hendibreki ya 109 haishiki tairi, inashika shafti nyuma ya transfa. Ukipiga jeki tairi moja ya nyuma, difu inaruhusu tairi iliyo juu izunguke na gari inatembea kutoka kwenye jeki huku hendibreki imevutwa mpaka mwisho. Magogo kwenye tairi zilizobaki chini, kila mara, na stendi chini ya ekseli.

Toa dramu zote nne, legeza kwanza ajasta. Vumbi la ndani lilowanishe kwa maji ya sabuni, usilipulize, lainingi za zamani zina asbesto. Wili silinda zilizoganda badilisha, usihangaike kuzipiga msasa. Paipu za mpira badilisha zote hata kama nje ni nzuri, zinavimba kwa ndani, unakanyaga breki inashika alafu hairudi. Kisha toa upepo kuanzia tairi iliyo mbali zaidi na masta silinda, malizia ya karibu. Mafuta ya breki yakidondokea rangi osha palepale kwa maji mengi, yanabandua.

Pedali ikisimama imara na ikabaki juu hata ukiikanyaga dakika nzima, hapo ndio tuzungumze kuendesha.

Hatua 12: Tairi na mzunguko wa kwanza

7.50-16 zinaweza kuonekana nzima kabisa kwasababu kashata zake (meno ya tairi) bado ndefu. Soma tarakimu nne ubavuni, 2309 maana yake wiki ya 23 mwaka 2009. Tairi ya umri huo itakupeleka gereji taratibu, barabara kuu haiendi. Piga grisi kila nipo (kichuchu cha kupitishia grisi), propela na vichwa vya stelingi, kaza nati za tairi, alafu zunguka kilomita mbili karibu na nyumbani, rudi, gusa kila dramu kwa mgongo wa mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki hiyo hairudi.

Ikikusumbua

*Stata inabofya tu.* Waya wa bodi, tena waya wa bodi. Weka waya wa kuazimia umeme kutoka temino ya negativu moja kwa moja mpaka kwenye injini, ikizunguka umepata jibu.

*Inazunguka vizuri haiwaki.* Toa plagi. Ikiwa kavu, petroli haifiki, rudi kwenye pampu na kabureta. Ikiwa imelowa, moto hakuna au umechelewa, rudi kwenye kontakti.

*Inarudisha moto kwenye kabureta kwa kishindo.* Waya za plagi zimepishana. Ndio maana nilisema piga picha.

*Inamisi silinda moja.* Chomoa waya za plagi moja moja injini ikiwa inazunguka, tumia plaizi yenye mpira. Ile ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo yenyewe. Badilisha plagi yake na ya jirani, tatizo likihama ni plagi, lisipohama cheki tapeti na valvu yake.

*Gia haziingii injini ikiwaka, ikizimwa zinaingia.* Hii ni ya kawaida sana, diski ya klachi imegandana na flaiwili kwa kutu. Hakikisha kwanza mafuta ya klachi yapo na upepo umetoka, maana klachi nayo ni ya haidroliki. Alafu kanyaga pedali mpaka chini, izuie kwa kipande cha mbao kilichobanwa na siti, acha usiku mzima. Ya kwetu iliachia asubuhi ya pili. Nimeona watu wanaiwasha ikiwa kwenye gia wakitegemea itaachia ikitembea, na nimeona ukuta uliobomoka kwasababu hiyo.

*Inachemsha ikisimama, ikitembea inapoa.* Rejeta imeziba mapezi kwa nyasi na wadudu, au feni belti imelegea. Ikichemsha hata ikitembea, rejeta imeziba ndani, ipeleke ikafunguliwe.

*Taa ya chaji haizimi.* Brashi za oltaneta zimeganda. Gonga mwili wake kidogo kwa mpini wa bisibisi injini ikiwaka, taa ikizima umeshajua, zifunguliwe zisafishwe.

*Oili inavuja kila mahali.* Sili zilikauka. Zipe wiki mbili za kutembea, baadhi zinarudi kuwa laini zenyewe. Inayodondosha pale injini inapokutana na giaboksi ndiyo ya kufuatilia, isije ikalowanisha klachi.

Oili uliyoweka kwenye Hatua 5 isizidi kilomita 500, maana inabeba uchafu wote ulioachia ndani ya injini. Siku unaimwaga tumia beseni la rangi nyepesi, lipeleke juani, likoroge kwa kijiti. Nyeusi tupu ni masizi tu, weka nyingine uendelee. Ukiona inang'aa vichembe vya njano kama unga wa shaba, beringi zinakwisha, ipaki hapo na uifungue chini kabla hujaenda nayo safari.